Mnyororo wa Mhunzi Penye Shimo la Msumeno

Nguvu zangu zinajulikana Meru nzima, asiyezijua ni mgeni. Ndiyo maana Jumamosi, kiwandani tunapopasua mbao za boma la Mdachi, nilichekelea msimamizi aliposema sisi Wameru kumi tuvutane kamba na Waarusha kumi. Watakaoshindwa watashika msumeno kutoka chini, ndani ya shimo ambalo gogo hulazwa juu yake, mwezi mzima, vumbi likiwamwagikia machoni. Washindi watashikia juu, penye upepo.

Kamba ilikatika mapema, tukaletewa mnyororo mpya wa gari la ng'ombe. Waarusha walipoona ni kazi ya mhunzi, wakatoa mafuta ya kondoo na kujipaka viganja.

"Mnakwenda ngomani, shemeji?" nikamuuliza mmoja wao, aliyemwoa dada yangu.

"Chuma kipya cha mhunzi hatukishiki kwa mkono mkavu, ni mwiko kwetu," akajibu kwa upole. "Hata mkuki wangu niliupokea hivi."

"Basi mtaingia shimoni mkiwa laini."

Tukavuta. Mimi nilikuwa wa mwisho nyuma, mnyororo nimeuzungusha kiunoni. Ukawaponyoka viganjani mara moja, na sisi washindi kumi tukaenda kinyumenyume mpaka ndani ya shimo, mimi nikitangulia.

Msimamizi akachungulia. "Mmeshinda," akasema, "lakini naona mahali mmeshajichagulia." Akatuteremshia msumeno.

Nguvu ninazo, hilo halina ubishi. Nilichokosa ni kugeuka nione nyuma kuna nini. Leo ni siku ya nne, na shemeji yuko juu yangu, ananiita kwa heshima zote: "Vuta, mshindi."