Historia ya Ndege Isiyo na Mafundi

Juzi nilikuwa Nizwa, mji wa Kiarabu, kwenye ofisi inayokusanya historia ya kikosi cha akiba cha ndege za kivita. Mbele yangu alisimama mzee aliyekuwa fundi wa ndege hizo. Aliweka daftari juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga.

Karani akasoma mstari mmoja, akakunja uso. Akasema kwa Kiarabu: "Ammi, herufi nazijua, lakini haya si maneno. Hujui kuandika."

Mzee akajibu kwa Kiarabu cha kukwamakwama: "Kiswahili hicho, mwanangu, kwa herufi za Kiarabu. Ndivyo tulivyoandika tangu chuoni Unguja, tulikosomea Kurani. Kila ndege iliyoharibika imo, na aliyeitengeneza. Wenzangu watatu wamo, wote marehemu. Hawaandikwi pengine popote."

"Sisi tunataka marubani. Huna picha na rubani?"

Mimi, niliyezunguka dunia na bado kilemba changu kinafungwa na mke wangu, nilishindwa kunyamaza. "Shikamoo, mzee. Soma, nitafasiri."

Akasoma: "Leo gurudumu la kushoto limekataa kushuka. Rubani ametua kwa tabu. Tumelala chini ya ndege mpaka limekubali. Imeruka, imerudi."

Nilipomaliza kufasiri, karani akalisukuma daftari kwa kidole kimoja. "Fomu haina nafasi ya lugha hiyo."

Mzee akalifunga, akalipapasa jalada, akatoka bila kuaga.

Basi, waheshimiwa wenye fomu, msione haya. Andikeni kwamba ndege zetu zilikuwa zikijitengeneza zenyewe.