Sauti Waliyoizoea Kulungu wa Gáddjá

Ukitaka kumjua Gáddjá, anza na pikipiki yake ya theluji. Ilikuwa na miaka kumi na tisa, kiti kimetiwa viraka vya ngozi ya kulungu, taa moja ilikufa mumewe akiwa bado hai. Pale kijijini Kautokeino, kaskazini kabisa kwenye baridi, watu walimtania kwamba hiyo haiendi, inakohoa tu. Naye hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Inakohoa lakini inafika. Ya kwako inaimba, mbona juzi imerudi kwa kuvutwa kamba?"

Mjane wa miaka sitini na moja, mdomo mkali, goti bovu. Watoto hakujaaliwa. Alikuwa na kulungu wake, wale wa nchi za baridi wanaofugwa kama ng'ombe, basi.

Mwaka ule Januari ilinyesha mvua juu ya theluji, kisha baridi ikarudi na kila kitu kikawa barafu. Kulungu wakachimba mpaka kwato zikachubuka, malisho chini wanayanusa lakini hawayafikii. Ikabidi Gáddjá awapelekee chakula cha magunia kila asubuhi. Baada ya wiki tatu walishaijua sauti ya pikipiki. Ikikohoa tu nyuma ya kilima, wao hao, wanakuja mbio kuipokea. Gáddjá alikuwa akifuta machozi na kusingizia upepo. "Wananipenda hawa," alijiambia.

Februari akaenda kupasuliwa goti. Siku tisa hospitali, na Heaika, mdogo wake wa kiume, akashika kazi kwa pikipiki hiyohiyo. Heaika ni fundi mzuri, tusimwonee. Aliona mashine inaishiwa pumzi mlimani ikibeba magunia, akaamua kumfurahisha dada yake.

"Dada, sasa inavuta kama mpya," alimwambia siku aliyorudi. "Jana nimetoa ile takataka iliyokuwa inaibana."

"Takataka ipi?"

"Kile kisanduku cheusi cha hewa. Nimeweka machujio mawili ya wazi na kabureta nimeirekebisha. Hebu sikia."

Akaiwasha. Kumbe kisanduku kile, pamoja na kubana hewa, ndicho kilichokuwa kinameza kelele. Sasa ilinguruma kama mbwa wanaopigana ndani ya pipa.

"Mbona inanguruma hivyo?"

"Si ndiyo raha yake?"

Kesho yake walipokaribia kundi, kulungu waliinua vichwa na kutimka. Ngurumo kama ile waliijua: ndiyo ya mashine za vijana wanaowakimbiza vuli, siku za kuchagua wa kuchinjwa. Kila waliporuka, barafu ilipasuka na kuwachana miguu. Gáddjá alizima injini upesi, lakini walishavuka kilima cha pili, na nyuma yao theluji ilikuwa na damu.

"Rudisha kisanduku changu," alisema.

"Nilikitupa jalalani, dada."

"Basi kakitafute! Mjinga wewe, nani alikutuma?"

Heaika akaenda, jalala lilikuwa limeshashindiliwa. Akapiga simu dukani, akaambiwa cha mashine ile hakitengenezwi tena. Akatengeneza kingine kwa dumu la plastiki, kabureta akairudisha ilivyokuwa. Kelele za injini zilipungua, lakini sauti ikawa ya mashine nyingine kabisa. Kulungu wakakimbia tena. Walijaribu kumwaga chakula na kuondoka. Kunguru wakala, theluji ikafunika kilichobaki. Wiki nzima ikaisha hivyo, na mbavu za wanyama zilihesabika kwa mbali.

Mwisho Gáddjá akavaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, daktari asijue, akavuta gunia moja kwa kamba. Goti lilimuuma mpaka akatapika. Alipowaona alisimama, akawaita kwa sauti ya upole. Walimtazama. Kisha wakasogea mbali polepole, kama watu wanaompisha mgeni njiani.

Hapo ndipo alipoelewa. Msimu wote walikuwa wakiipokea mashine. Yeye hawakuwa wakimjua. Alikaa juu ya gunia akalia kweli, na safari hii hakusingizia kitu.

Dhoruba ikawafungia ndani siku tatu. Gáddjá hakula, alikunywa kahawa tu na kusimama dirishani. Siku ya nne kulipotulia, akapanda nyuma ya Heaika, magunia manne kwenye kigari nyuma yao. Walipofika juu ya kilima waliliona kundi chini, wamelala kwa pamoja. Hakuna aliyekimbia.

"Dada, umeona?" Heaika aligeuka, uso wote kicheko. "Wameshazoea!"

Moyo wa Gáddjá uliruka. Alimkaza mdogo wake kiuno kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alimwita mdogo wangu. Walishuka taratibu. Hatua hamsini, hawakukimbia. Hatua ishirini, hakuna aliyeinua hata kichwa. Gáddjá aliteremka, akachana gunia, akalimwagia chakula mbele ya mdomo jike kubwa lenye paji jeupe. Jike lile likageuza jicho tu.

Heaika alikuwa bado ameshika usukani, injini inaunguruma.

"Zima," Gáddjá alimwambia. "Haina wa kumtisha tena."

Akazima, wakaanza kupita kwa mmoja mmoja, kuangalia ni yupi bado anapumua.