Tufe Halirushwi kwa Mkono

Mtoto wangu alikuwa na miezi mitano nilipokwenda uwanjani Njoro kuomba nafasi ya kurusha tufe katika timu ya kata. Kocha alinitazama kiunoni, akacheka. "Mama, ukishazaa nyonga zinalegea. Nenda kanyonyeshe."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Wasichana aliowachagua walikuwa na mikono minene, lakini wote walisukuma kwa bega tu. Mimi nilijifunzia nyumbani mlimani, nikirusha mizigo ya majani ya ng'ombe ng'ambo ya mfereji. Ukitegemea mkono, mzigo unaangukia majini. Unaupa mfereji mgongo, unazungusha kisigino, nyonga inatangulia, kifua kinafuata, mkono unamalizia tu.

Nikamkabidhi mtoto mama mkwe, aliyekuwa amenisindikiza. "Haya, mwonyeshe huyo," akasema.

Nikaliweka tufe shingoni, nikageuka vilevile kama kule mferejini. Lilipita alama za wasichana wote, likatua kwenye nyasi ndefu.

"Bahati hiyo," kocha akasema. "Rudia."

"Sirudii. Andika jina langu kwanza," nikamwambia, "ndipo niende kunyonyesha."