Kidevu Juu na Kindege wa Ukunguni

Mjini walimwita Kidevu Juu, kwa sababu hayo ndiyo aliyomwambia kila aliyekalia stuli ya studio yake: "Kidevu juu. Usicheke. Tazama hapa." Mji mzima uliwahi kugandishwa mbele ya kitambaa chake cheupe, ukatoka na picha ya pasipoti yenye sura ya mtu aliyeibiwa kuku. Kazi ni kazi. Moyo wake lakini ulikuwa mlimani, kwenye msitu wa ukungu, kwa ndege.

Ndege wenyewe hawakuwa na habari naye. Tangu mvua zilizopita alikuwa akimfukuzia kindege mmoja mwenye koo la rangi ya chungwa, kichwa cheusi na nyusi nyeupe za mzee mwenye hasira. Kuimba anaimba, kuonekana haonekani. Picha alizompiga zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa za majani.

"Hili jani umelipatia," mkewe, fundi cherehani, alisema akichungulia kamera. "Na hili pembeni ni ndugu yake?"

Safari hii Kidevu Juu aliazima lenzi ndefu kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga picha za harusi. Kuazima kitu kwake ni kama kumwomba jino.

"Asubuhi moja tu, shemeji," alionya. "Mchana nina harusi. Ukichelewa, usiniombe tena mpaka tuzikane."

Kwa hiyo ilikuwa asubuhi hiyo au basi tena. Mkewe akavaa sweta mbili, akasema naye anakwenda. "Nikamwone huyo mke mwenzangu mwenye manyoya."

Kulipopambazuka walikuwa wamejibanza nyuma ya gogo, ukungu umewafunika kama shuka mbichi. Wimbo ukasikika. Halafu, bila hodi, kindege akatua kwenye tawi tupu mbele yao, kichwa amekiinamisha akidonoa kitu.

Kidevu Juu akainua kamera, pumzi ameibana. Kidole kilikuwa tayari. Mdomo, kwa mazoea, ukakitangulia:

"Kidevu juu!"

Purr! Tawi likabaki likitikisika.

Mkewe aling'ata mkono wa sweta asipasuke kwa kicheko. "Ungemwambia na asicheke, bwana wewe!"

Kidevu Juu akashusha kamera. Ukungu ulianza kupauka, na lenzi ya watu ilikuwa inangojwa. Akaketi juu ya mzizi, akaanza kuifungua taratibu, kama anayemvua marehemu viatu.

Mkewe akaacha kucheka. "Baba Watoto, hebu. Pale studio, mtoto mchanga akikataa kutazama kamera, unafanyaje?"

"Nampigia midomo."

"Na huyu naye ni mtu mzima?"

Akamtazama mkewe. Akairudisha lenzi, akabana midomo: psh-psh-psh, mchu-mchu-mchu. Kichaka kikatikisika. Psh-psh-psh. Kindege akachomoza, akaruka kwenye tawi lile lile, akainua kichwa kumtazama usoni huyu mtoto mzee anayelialia msituni.

Kacha.

Walimkuta shemeji mlangoni pa studio, tai shingoni, akiangalia saa. Alinyakua lenzi, akaigeuza huku na huku, kisha akainamia kioo cha kamera. Mabega ya kindege yalikuwa sawasawa, macho yametazama mbele, na nyuma yake ukungu mtupu, mweupe pe, bila jani hata la dawa.

"Shemeji," alisema mwishowe, "umempiga pasipoti."

"Na amekasirika kama wateja wako wengine," mkewe akadakia.

Shemeji akatia lenzi mkobani, akaondoka mbiombio. Hatua chache tu, akageuka.

"Wikiendi ijayo sina harusi. Huko msituni mnaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri," alijibu Kidevu Juu. "Ila ukija, mdomo ufunge."

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango.