Siku Babu Alipoliongoza Gari

Nikisikia harufu ya dizeli imechanganyika na udongo mweusi uliolowa, nacheka peke yangu, popote nilipo. Watu wananishangaa. Mimi huwa nimerudi kijijini kwetu Ringwani, nina miaka tisa, nimekaa mbele kwenye pikapu kuukuu ya baba, miguu haifiki chini, na mama yuko kwenye usukani anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo kanisani haitoi kamwe. Baba alikuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo madogo ya Nyakunguru. Mwaka mmoja bahati ikamwangukia, akanunua gari hilo, akamfundisha mama kuliendesha kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, kisha akarudi zake machimboni na kumwachia ufunguo. Eeh, maneno yaliyosemwa! Mkamwana wa watu, anaendesha gari! Mama aliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, na tangu siku hiyo mahindi yetu hayakwenda tena mnadani juu ya kichwa chake.

Aliyesema zaidi ya wote alikuwa Babu Mwita, baba yake baba. Si kwamba alimchukia mama, hapana. Alitaka tu gari liendeshwe na baba mdogo Chacha, kwa kuwa Chacha ni mwanamume, basi. Chacha huyo huyo aliyeazimwa gari siku moja akaingia mtoni kwa kasi, Babu akiwa nyuma, maji yakaruka hadi juu ya kioo, gari likazima katikati, na maksai wanane wakaletwa kulitoa huku kijiji kizima kikitazama! Babu aliulaumu mto. Halafu akatoa hukumu mbele ya ukoo: siku gari litakaponasa mikononi mwa mama, hata mara moja tu, ufunguo unakwenda kwa Chacha. Nilimwona mama akikishika kile kifundo cha kanga, akakishika kwa mikono miwili.

Tangu hapo alikuwa na masharti yake njiani, na njia zenyewe nyingi zilikuwa za ng'ombe. Mzigo ulilazwa chini na kufungwa kwa kamba, hakuna kurundika. Kwenye tope alipunguza upepo wa tairi kidogo ili zikanyage kwa upana. Kwenye maji hakuingia kabla hajashuka, akavua kandambili na kuvuka mwenyewe kwa miguu, akipapasa mashimo na mawe kwa fimbo. Maji yakifika gotini, tulikaa kando tukatafuna miwa mpaka yapungue. Na sharti kubwa kuliko yote: gari haliingii majini likiwa na mtu nyuma. Likipinduka, alisema, mahindi yataokotwa, je, mtu?

Ikaja harusi ya binamu yangu kule Kisaka, katikati ya masika, na Babu ndiye aliyengojwa kuwabariki maharusi. Nyuma walipanda shangazi zangu wawili na masufuria yao, Chacha na tabasamu lake, na Babu juu ya kigoda chake, mgwisho mkononi. Mbele asingeweza kukaa. Kwa desturi yetu mkwe na mkamwana hawakai karibu, hawatazamani usoni, wala hawasemeshani moja kwa moja. Mwenye neno alinipa mimi nilipeleke. Kazi hiyo niliipenda mno, kwa sababu hakuna mkubwa aliyeweza kuninyamazisha.

Mtoni mama akashuka, akavuka na fimbo, akarudi ameridhika. Maji yalikuwa chini ya goti. Shangazi na Chacha wakavuka kwa miguu. Babu akabaki juu ya kigoda, hana habari. Mama akasimama kando ya mlango, amempa mgongo.

"Bhoke, mwambie babu yako naomba ashuke. Gari haliingii majini na mtu nyuma."

"Babu, mama anaomba ushuke."

"Mwambie mama yako, Chacha hakunishusha."

Walikuwa hatua tatu tu mmoja kutoka kwa mwenzake, na mimi katikati nageuza shingo huku na huku. Kutoka ng'ambo Chacha akapiga kelele, "Leteni maksai mapema!" Mama akasema, "Basi mwambie hatuvuki." Hata mimi wa miaka tisa nilielewa. Tusipovuka, harusi itamngoja Babu bure, kutovuka kutahesabiwa kunasa, na kabla ya jua kuzama ufunguo utakuwa mfukoni mwa Chacha. Tukivuka naye akaanguka majini, ni vibaya zaidi. Nilitaka kulia. Badala yake nikafungua mdomo, nikatoa maneno ambayo sikupewa na mtu.

"Babu, mama anasema anaogopa kwenda peke yake. Anaomba utangulie umwonyeshe njia, kama unavyowatangulia maksai, maana Ringwani nzima hakuna anayewaongoza kama wewe."

Bega la mama lilishtuka, lakini hakugeuka. Babu akanitazama, akanitazama tena. Kisha akanishushia kigoda. "Shika," akasema, akakunja suruali.

Alivuka kwa madaha, fimbo mbele, nami nyuma yake na kigoda kichwani. Mama akangoja mpaka tumepanda ukingo wa pili na kukaa kando. Ndipo akaunganisha tairi zote nne zivute pamoja, akatia gia namba moja, akaingia polepole, hakubadilisha gia, hakugusa klachi, mwendo ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Babu alikuwa akipunga mgwisho na kulifokea gari kwa mluzi na makelele ya shambani: "Kulia! Kulia wewe! Usilale!" Likapanda ukingo likichuruzika maji, shangazi wakapiga vigelegele, na mimi nikarukaruka hadi kigoda kikaanguka. Mama alishuka akicheka. Babu akakohoa.

"Bhoke, mwambie mama yako ufunguo huo asimpe mtu."

Leo pale pana daraja la zege, na vijana wanapita na pikipiki bila hata kuutazama mto. Mwaka jana ndipo nilipokiri kwa mama kwamba siku ile nilimdanganya Babu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Hatua tatu, Bhoke! Ulidhani hakunisikia?" Miaka yote hiyo nilijiona mjanja, kumbe mzee alisikia kila neno la mama, alijua maneno yangu hayakuwa ya mama, na bado akakunja suruali.

Siku hizi nami ni mkamwana, na naendesha pikapu yangu mwenyewe. Baba mkwe wangu hukaa mbele pamoja nami, amefunga mkanda, na tunabishana juu ya redio. Lakini tukiacha lami na kukuta tope, nasimama na kumwambia, "Baba, naomba ushuke uniongoze." Magoti yanamuuma, macho yake hayaoni mbali, na njia naijua kuliko yeye. Anashuka hata hivyo. Anachukua fimbo yake, anasimama kando na kunionyesha kushoto, na mimi naenda kushoto, mahali ambapo nilikuwa nimekwisha kuamua kupita.