Jino Nililolipiga Tupa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikaizunguka nyumba mara tatu nikimsubiri mtu wa funguo. Mimi ni mtu wa Chwaka, kijiji cha pwani ya mashariki, na mama yangu alizoea kusema kwamba hata kula nakula nimesimama. Karakana yetu ilikuwa chini ya nyumba kongwe pale Shangani, Unguja mjini, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya kupimia: saa, mizani, vipimo vya mvua vya shamba la serikali la Kizimbani. Aliyenipokea ni Fundi Nassor, mzee wa mjini ambaye kanzu yake haikupata kuingia doa la grisi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Makame."

"Makame, mbona unatazama mlango? Ndo kwanza umeingia."

Miezi miwili mizima alinipa kuosha skrubu kwa mafuta ya taa. Niliona ananidhihaki. Ninyi vijana wa leo mnaopewa mashine siku ya pili ya kazi hamwezi kujua hasira niliyokuwa nayo.

Hapo ilikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini. Mkuu wa Karakana, Mwingereza aliyesema Kiswahili polepole kana kwamba kila neno analipima, alikuwa na darubini kubwa juu ya paa. Kila asubuhi alichora madoa ya jua na kuwapelekea wataalamu wa redio huko Ulaya, kwa kuwa madoa hayo huvuruga mawimbi. Jua halitazamwi kwa jicho. Darubini hulimwaga juu ya karatasi nyeupe, nawe unachora unachokiona ndani ya duara. Tabu ni kwamba jua halisimami. Kwa hiyo darubini huwekwa juu ya kitako chenye mota, na mota huzungusha parafujo ndefu, na parafujo husukuma gurudumu la meno mia tatu na sitini. Gurudumu humaliza mzunguko kwa siku moja, basi kila jino lina dakika zake nne. Meno yakiwa sawa, jua hukaa palepale kwenye karatasi.

Kitako chetu kilikuwa cha zamani, kimetengenezwa kwa nchi za kaskazini. Tukapewa kukifumua chote. Tulitoa beringi zilizoliwa na chumvi, tukafunga mota mpya, tukachonga kabari ya chuma ili mhimili wake, ambao Ulaya huinuliwa sana, ulale karibu sawa na ardhi na uelekee kusini, maana sisi tupo kusini kidogo ya ikweta. Kazi hiyo ilituchukua wiki sita. Mimi nililala na kuamka nayo, nikitaka iishe jana.

Tulipoiwasha, mchana, jua lilikimbia kwenye karatasi kuliko hata mota ikiwa imezimwa. Fundi Nassor alitazama, akatazama tena, akasema anakwenda kuchukua michoro ofisini kwa Mkuu. "Usiguse kitu," akaniambia.

Ningeweza kukaa. Kigoda kilikuwepo. Lakini nilifungua kifuniko, nikaona jino moja linang'aa kuliko mengine, nikajiambia ndilo linalokwama. Nikachukua tupa, ile ya kunolea chuma, nikalipiga, mara tano au sita, nikafunga kifuniko na kufuta vumbi la shaba kwa kiganja.

Fundi alirudi, akakaa kwenye kigoda akilinganisha michoro na mota, muda mrefu hata nikahisi nitaruka kutoka paani. Mwisho akasema, "Mota inakwenda kinyume. Kule mhimili unatazama kaskazini, huku tumeuelekeza kusini. Badilisha nyaya hizi mbili."

Nikabadilisha. Jua likatulia ndani ya duara. Fundi akacheka, nami nikacheka kwa mdomo tu.

Asubuhi ya pili, saa nne na robo, Mkuu anachora, darubini ikateleza ghafla na penseli ikapasua karatasi. Alifungua kifuniko, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akaliona jeraha bichi.

"Fundi Nassor," alisema, "macho yako yamechoka. Nadhani upumzike kabla ya wakati wako."

Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Miaka thelathini mikono yake haikuharibu chombo, na sasa angeshuka ngazi ile akijulikana kuwa ndiye aliyeharibu gurudumu. Hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye gurudumu. Miguu yangu ilikuwa ishaielekea ngazi. Niliogopa, nasema kweli. Kazi ile ndiyo niliyokuwa nikiitegemea.

"Bwana Mkuu, ni mimi," nikasema. "Nimelipiga tupa mimi, Fundi alikuwa hayupo."

"Kwa nini?"

"Sikuweza kungoja."

Mkuu akafunga kifuniko, akasema, "Nitaagiza gurudumu jingine. Mpaka lije, kila asubuhi utakuwa hapa. Jino lako likipita, utaishika darubini isiteleze. Dakika nne. Usisukume, usivute."

Tulipokuwa tukishuka Fundi Nassor aliniambia, "Leo ndo umefanya kazi." Nikadhani ananidhihaki tena.

Basi nikashika. Wiki za kwanza mkono ulitetemeka na jua likatetemeka nao. Kwa mtu kama mimi dakika nne ni mfungo. Kazi za Kizimbani nikazifanya mchana, nikirudi kwa baiskeli jioni. Fundi Nassor alistaafu kwa heshima yake, tukampa mkono mmoja mmoja. Gurudumu halikuja. Niliuliza, nikaambiwa Ulaya mbali. Nikaacha kuuliza, na mkono ukaacha kutetemeka, wala sikumbuki ni lini.

Muongo ulipokaribia kuisha, Mkuu alirudi kwao, mwingine akashika kazi ya kuchora, na mimi nikakabidhiwa funguo za stoo. Asubuhi hiyohiyo, nikipanga vitu, nilikuta sanduku nyuma ya makopo ya rangi. Karatasi ya forodha ilionyesha kuwa ndani mna gurudumu la meno, na kwamba lilifika mwaka uleule niliolipiga jino tupa. Juu ya kifuniko, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu alizozoea Fundi Nassor kuandikia Kiswahili chake, palikuwa na maneno haya: *Lisifunguliwe mpaka Makame atulie.* Chini yake Mkuu alikuwa ametia saini.

Niliwaka hasira. Miaka yote ile. Nikachukua bisibisi nilifungue, kisha nikatazama saa: saa nne na dakika kumi. Nikaiweka bisibisi chini, nikapanda juu kwenda kushika darubini.

Nimestaafu sasa, nipo Chwaka, na mke wangu analalamika kuwa ninaifumua redio nzima kila wiki. Niulizwapo kazi ya ufundi ni nini, watu hutaraji niwatajie mota na beringi. Mimi huwaambia habari za lile sanduku. Siku niliyokabidhi funguo kwa aliyenirithi, lilikuwa bado limefungwa. Mpaka leo sijajiona nimetulia hata niwe na haki ya kulifungua.