Taa Juu ya Kiti cha Mwalimu

Fundi wa taa wa ukumbi wetu wa parokia, hapa Mbinga, hupapasa kila waya kwa vidole kabla ya kuuchomeka, kisha kwenye taa ya mwisho hufunga kizibo. "Ishara ya kuendesha taa ikikosa kizibo cha kuizuia mwishoni hurudi nyuma, taa zikachanganyikiwa," hutuambia kwa sauti ya chini.

Jana mazoezini, taa moja iligeuka yenyewe ikamulika kiti cha Edmund, mwalimu wetu wa kwaya tuliyemzika Jumamosi. Fundi alichomoa waya wa ishara. Akazima swichi kubwa. Taa ikaendelea kuwaka. Tulikimbilia mlangoni, lakini yeye alivua kofia, akakisogelea kiti.

"Shikamoo, mwalimu. Waanzie wapi?"

Akainama kusikiliza. Kisha akatugeukia.

"Rudini. Anataka ubeti wa pili."